Mstari katikati ya boneti

Mwezi wa pili mwaka huu jirani yangu hapa Kigamboni, mzee mstaafu wa bandari, aliniuliza kama gari langu limegongwa. Alikuwa ameona tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, imenyooka kutoka kwenye nembo ya mbele mpaka karibu na waipa, imeigawa boneti mapande mawili. Nikamwambia, "Hapana mzee, napima." Akatazama gari, akanitazama mimi. "Unapima nini kijana wangu, urefu?" Nikamweleza kwamba upande wa kushoto nimepaka silanti, dawa ya maabara ya kulinda rangi, peke yake, wa kulia nimepaka silanti kisha nta juu yake, na nataka kujua kama ipo tofauti. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa, akaenda zake msikitini.

Nilikuwa na sababu ya kupima. Kwa miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu, kwa kujiamini kabisa, kwamba nta juu ya silanti ni sawa na kuvaa koti juu ya sweta. Siku moja shemeji yangu akaniuliza nimejuaje. Sikuwa na jibu.

Gari lenyewe ni Toyota Crown nyeusi, mtumba wa Japani kama yalivyo magari mengi mjini. Ukifungua boneti, kwenye kibao cha bati ndani utakuta namba ya rangi: 202. Wape mafundi rangi namba hiyo uone wanavyoguna. Ni nyeusi tupu isiyo na chenga za kumeta ndani, nzuri mno ikiwa safi, na laini kiasi kwamba inachubuka kwa kutazamwa. Magari mengi yenye 202 yalitoka kiwandani bila klia, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi. Fundi wangu wa Ilala alinionyesha siku ya kwanza tu: alichukua kitambaa cheupe, akatia polishi kidogo, akasugua kona ya buti, akakigeuza. Cheusi tii. "Umeona bosi? Hapa ukisugua unaondoka na rangi yenyewe." Gari lenye klia lisingechafua kitambaa namna ile, kwa sababu juu ya rangi yake kuna tabaka angavu la mikroni kama 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele, ambalo ndilo linaloanza kuliwa na jua. Langu linaliwa moja kwa moja.

Na hapa tunaishi kwenye mdomo wa adui. Kigamboni ni pepo kwa binadamu na jehanamu kwa bati. Zamani nilivuka kwa pantoni kila asubuhi, gari limesimama juu ya maji ya chumvi huku upepo wa kusi ukirusha marashi ya bahari kwenye vioo. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 pantoni naipanda kwa nadra, lakini chumvi haihitaji nauli, inatufuata mpaka uani. Visima vya mtaani kwetu vina maji magumu. Ukichemsha chai, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ofisini tunaegesha chini ya mkungu, na juu ya mkungu kuna kunguru. Nitawarudia hao.

Kwa asiyejua, tusemezane kidogo kuhusu vitu hivi viwili, nta na silanti, maana wauzaji wa Kariakoo wanaviita vyote waksi na wanakuuzia chochote kilicho karibu na mkono.

Nta ya kweli ya gari, ile inayosifiwa, ni ya karnauba. Inatoka kwenye mti wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, majimbo ya Ceará na Piauí hasa, ukoo mmoja na mnazi, wenye majani ya upepeo kama mvumo wetu. Mti huo unavumilia ukame kwa kujipaka nta kwenye majani ili maji yasitoroke. Watu wanakata majani, wanayaanika, yanapokauka wanayapiga na ile nta inapukutika kama unga. Ikiyeyushwa na kuganda inakuwa ngumu na yenye kuvunjika, huwezi kuipaka kitu chochote, ndiyo maana kwenye kopo huchanganywa na mafuta na viyeyushi na nta nyingine laini. Ukishapaka, viyeyushi vinaruka, mafuta na nta vinabaki. Nta haiungani na rangi. Inakaa tu juu yake, imejishikiza, kama siagi juu ya mkate.

Silanti imetoka maabara. Ni polima, minyororo mirefu ya kemikali ambayo ikishapakwa na kuachwa itulie inashikana yenyewe kwa yenyewe na inashika rangi. Hapo neno kubwa ni kuachwa. Inahitaji saa kadhaa, nyingine saa 12, nyingine siku nzima, kabla ya kufungamana sawasawa. Ikishafungamana, sabuni ya kawaida haiiondoi upesi. Inadumu miezi, wakati nta ya karnauba kwa jua letu ukipata wiki sita umshukuru Mungu.

Basi wapenzi wa magari wakaunganisha hadithi: silanti inang'aa kama kioo cha dirisha, baridi, haina utamu, nta inang'aa kama mafuta juu ya ngozi, ina kina. Paka silanti ikulinde, paka nta ikupambe. Niliiamini hadithi hiyo kabla sijajaribu, na nilipojaribu mara ya kwanza niliharibu.

Ilikuwa Jumamosi. Nikaosha, nikapaka silanti saa nne asubuhi, nikafuta, nikanywa chai, saa sita nikapaka nta. Nilikuwa na haraka, jioni kulikuwa na harusi Mbagala na nilitaka nifike nikiwa naonekana. Nta ikakataa kufutika. Kila nilipopitisha taulo, inajivuta, inaacha michirizi ya ukungu kama kioo kilichofutwa na kanga yenye mafuta. Kadiri nilivyosugua ndivyo ukungu ulivyosambaa. Nilikwenda harusini na gari lenye mawingu, chini ya taa za ukumbi likawa linaonekana kama limeumwa ukoma. Viyeyushi vya nta vilikuwa vimeikuta silanti bado mbichi, vikaikoroga. Kilichokuwa juu ya boneti yangu hakikuwa tabaka mbili, ulikuwa uji.

Nilipokuwa nafuta uji ule kesho yake kwa spiriti iliyochanganywa na maji, nilimkumbuka baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili jioni alikuwa anapiga viatu kiwi, vyake na vyetu. Alikuwa na adabu zake. Kwanza anatoa vumbi na brashi kavu. Kisha anachovya kitambaa kilichozungushwa kidoleni, kiwi kidogo sana, kidogo mpaka sisi watoto tukiona tunadhani anabana matumizi. Anapaka, anaviweka pembeni, anahamia jozi nyingine. Akirudi anapiga brashi. Halafu anapaka tena, na safari hii anatia matone mawili ya maji baridi kwenye kifuniko cha kopo na kuchovya humo ncha ya kitambaa. Mimi nilipopewa viatu vyangu nilikuwa nachota kiwi kama nachota maharage, napaka tabaka juu ya tabaka papo hapo, nasugua. Havikung'aa. Vilikuwa vizito na vya kunata, na kufika shule vumbi lote la njiani limehamia kwangu. "Umeipaka juu ya mbichi," alikuwa anasema, bila hata kugeuka kutazama.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba ndani ya kopo la kiwi kuna karnauba pia, pamoja na viyeyushi, na kwamba yale matone ya maji hayakuwa mbwembwe. Kiwi ya pili ina viyeyushi vinavyoweza kulainisha ya kwanza. Maji baridi yanazuia hilo lisitokee, ya kwanza inabaki imeganda na ya pili inajaza mashimo yaliyobaki. Bila maji, unayeyusha ulichojenga na kujenga tena kilekile.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema wamepaka nta mara tatu kwenye gari na sasa wana tabaka tatu. Hawana. Nta ya pili inalainisha ya kwanza, taulo inafuta ziada, kinachobaki kinalingana na tabaka moja, labda limesambaa vizuri zaidi. Faida ya mkono wa pili ni kufunika palipoachwa. Silanti iliyokwisha kufungamana ni kitu kingine, kwa sababu viyeyushi vya nta haviwezi kuifungua tena. Kwa hiyo nta juu ya silanti inakuwa kweli tabaka la pili, na hapo ndipo wazo zima linaposimama, kwa sharti la kusubiri. Tangu harusi ile napaka silanti Jumamosi jioni, nta Jumapili baada ya adhuhuri. Gari linalala chini ya paa. Lisipolala chini ya paa umande unaliosha kabla halijawa tayari.

Ukigeuza mpangilio, ukaanza na nta, unapoteza fedha. Nilifanya makusudi kwenye buti, nta chini na silanti juu. Silanti ilikosa pa kushika, ikawa inateleza kwenye mafuta, na baada ya kuosha mara tatu maji yalikuwa yanalala buti zima kama juu ya ubao. Yaani siagi imeondoka na kilichopakwa juu yake. Hata polishi nyingi zinazouzwa zina mafuta ya kuziba mikwaruzo ili ionekane imetoka, na mafuta hayo nayo yanaifanyia silanti vilevile. Futa kwanza na spiriti yenye maji, nusu kwa nusu, kwa mkono mwepesi. Hilo ndilo jambo ambalo vijana wa kuosha magari hawalifanyi kamwe na ndilo linaloamua kila kitu.

Sasa turudi kwenye mstari wangu.

Niliosha boneti, nikapitisha donge la udongo wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni, likatoka na madoa ya kahawia ambayo sikujua yamo. Nikapiga polishi pande zote mbili kwa mashine, mwendo mdogo, kitambaa kikawa cheusi kama kawaida ya 202. Spiriti. Silanti pande zote mbili. Kesho yake nikabandika tepu, nikapaka nta upande wa kulia tu, nikafuta, nikaiacha tepu siku mbili kwa ajili ya picha. Hizo ndizo siku mbili alizonikuta mzee.

Nilipoitoa tepu nilimwita mke wangu. Nikamwambia, "Mama Nuru, upande upi unang'aa zaidi?" Akazunguka gari, akainama, akasimama juani, akasimama kivulini. "Huu," akasema, akionyesha kushoto. Silanti tupu. Nikamwita shemeji, yule mwenye maswali. Akasema kulia. Kijana wa bodaboda wa kijiweni akasema zote sawa na akaniuliza kama nimekosa kazi. Mimi mwenyewe, niliyejua jibu, niliona kulia kuna kina zaidi, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu ukishajua jibu macho yako hayana ushahidi tena. Usiku nikamwomba Mama Nuru anizungushe nikiwa nimefumba macho mpaka nipotee mwelekeo, kisha nifumbue nikiwa karibu sana na bati, tochi mkononi, nisione taa wala nembo. Nilikosea mara tatu kati ya tano. (Watoto walikuwa wanatazama dirishani. Sijui watakuja kusimulia nini.)

Nimefikiria sana kwa nini. Rangi isiyo na klia inapenda mafuta, hilo ni kweli. Ukiipaka mafuta ikiwa imechoka inanywa, weusi unarudi, unapata kile kina. Lakini mimi nilikuwa nimeweka silanti katikati. Mafuta ya nta hayakuwahi kuigusa rangi. Yalibaki juu ya polima, na tabaka lenyewe halifiki hata mikroni moja. Mng'ao wote niliokuwa nausifia miaka mitatu ulitoka kwenye polishi, kwenye zile saa mbili za mashine na mgongo kuuma. Nta ilipewa sifa kwa sababu ndiyo iliyokuja mwisho, kama mgeni rasmi anayekata utepe.

Kwa kidole, hata hivyo, tofauti ilikuwepo. Upande wa kulia ulikuwa unateleza namna nyingine, mzito kidogo, kama jiwe la kusagia lililozoea mikono. Kushoto palikuwa pakavu, pa haraka. Na maji yalitofautiana waziwazi. Kulia yalisimama matone matone, ya duara, yamejivimbisha, ile picha ambayo kila mwenye gari anaipenda. Kushoto yalijikusanya na kukimbia, shuka moja la maji linateremka mpaka kwenye taa na kuacha bati karibu kavu.

Nilikuwa napenda matone. Nina picha zake nyingi kwenye simu kuliko za harusi yangu. Lakini kaa Kigamboni na maji ya kisima halafu uniambie. Tone likisimama juu ya bati jeusi saa tano ya asubuhi, linakauka palepale lilipo, na chokaa yote iliyokuwemo inabaki kwenye duara moja. Ukiwa na matone elfu unapata maduara elfu. Upande wa nta ulikuwa unajaa alama nyeupe kama umenyunyiziwa unga, na upande wa silanti, ambako maji yalikimbia, alama zilikuwa chache. Alama hizo zikiachwa juani siku kadhaa haziondoki kwa sabuni; unahitaji siki iliyochanganywa na maji, na siki nayo haina urafiki na nta. Kwa hiyo yale matone yanayouzwa kwenye lebo kama ushahidi wa ulinzi, kwangu yalikuwa kazi ya ziada.

Dawa niliipata kwenye paa la nyumba. Tuna simtanki linalokinga maji ya mvua kwa ajili ya kufua, na maji ya mvua hayana chokaa. Naosha na maji ya kisima, suuza ya mwisho natumia ndoo moja ya mvua kwa kopo, kisha nakausha na taulo kabla jua halijapanda. Mama Nuru aliuliza kama gari limekuwa mtoto mchanga. Ndoo moja tu, nikamwambia.

Wiki ya nne, joto likiwa limekaza kabla ya masika, vumbi la kulia likawa jingi kuliko la kushoto. Unaweza kuandika jina kulia, kushoto unapuliza tu. Nta yenye mafuta kwenye joto inakuwa na ulaini fulani, na vumbi linapenda ulaini. Karnauba yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, boneti hazifiki huko, ila ndani ya kopo haiko peke yake. Na hapa nikiri ujinga mmoja. Mwaka juzi, nilipoona kopo la karnauba linauzwa shilingi elfu themanini na tano, nilijitengenezea nta yangu. Nilikuwa na kipande cha nta ya nyuki kutoka Tabora, safi, kinanukia asali chumba kizima. Nikaiyeyusha na tapentaini na mafuta kidogo. Ilipakika vizuri, ikang'aa. Saa nane mchana gari likawa limevaa sweta. Nta ya nyuki inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 62, na bati jeusi lililosimama juani Dar es Salaam linafika jirani na hapo bila shida. Kila punje ya vumbi la barabara ya Kibada ilikuwa imekuja kukaa. Kipande kilichobaki kipo jikoni, tunakitumia kwenye droo zinazokwama.

Wiki ya nane mvua za masika zilikuwa zimeshapiga vizuri. Nikamwaga maji, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilifanya jambo moja: shuka linateremka. Nta ilikuwa imekwisha. Silanti chini yake ilikuwa nzima, haikuchoka hata kidogo kuliko ya kushoto. Nilikuwa nasubiri kuona kama upande wa kulia utadumu zaidi kwa kuwa ulivalishwa koti wiki zile. Mwezi wa sita zilianza kuchoka pamoja, maji yakawa yanasuasua kulia na kushoto kwa mwendo mmoja. Kwa macho yangu, koti halikuiongezea sweta hata wiki moja.

Ningeishia hapo ningeacha kununua nta kabisa. Lakini kuna kunguru.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu asili. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, wakasafisha, wakazaana, wakavuka bahari, na sasa wanasafisha mpaka vifaranga. Pale ofisini wanakula kungu na kila kilichotupwa, kisha wanashusha juu ya boneti za watumishi wa umma na wa binafsi bila ubaguzi. Kinyesi chao kina tindikali, na ubaya wake unazidishwa na joto: bati likipata joto rangi inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka na kukaza, jioni bati likipoa rangi inajikunja kufuata umbo la kile kilichokaukia juu yake. Ndiyo maana ukikitoa unaona alama ya makunyanzi, kama ngozi iliyoungua.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, niliwekewa mawili, moja kila upande wa mstari, utadhani ndege kasoma mpango wa utafiti. Nilikuwa kwenye kikao mpaka saa kumi. Nilipotoka yalikuwa yamekauka. Niliyalowanisha kwa taulo yenye maji robo saa, nikayanyanyua bila kusugua. Kushoto palibaki duara lenye ukingo, limeng'ata. Kulia palibaki duara pia, lakini hafifu, na nilipopitisha nta kidogo kwa kidole likatoweka, kwa sababu kilichokuwa kimeungua ni nta yenyewe. La kushoto lilihitaji polishi, na polishi kwenye 202 maana yake ni kuondoka na rangi, kama alivyonionyesha fundi. Siwezi kuondoa rangi kila kunguru akishiba.

Vinyesi viwili si utafiti, najua. Shemeji aliniambia pengine kunguru wa kushoto alikula pilipili. Lakini kwenye jambo hili mantiki inanitosha: nta imewekwa pale ili iliwe badala ya kitu kingine, na ikiliwa naibadilisha kwa dakika kumi bila kuigusa silanti wala rangi. Kulinda silanti isichoke haiwezi, na kupamba haijapamba kitu ambacho mke wangu anaweza kukiona. Kazi yake ni kuumwa kwa niaba. Hata mikwaruzo haizuii, na hapa niseme na silanti haizuii, wala usimwamini anayekuambia vinginevyo. Usukani wa bajaji hauulizi umepaka nini.

Kuna mahali niliwahi kulipeleka gari kuoshwa, sitataja ni wapi, nikiwa nimechelewa safari. Kijana alikuwa mchangamfu, akaniita braza, akaniambia anaosha "mpaka ling'ae lenyewe". Nikaona ndoo moja, tambara moja lililoanzia kwenye rimu likaishia kwenye paa, na sabuni ya unga ya kufulia imemiminwa kavu juu ya boneti. Nta iliondoka siku hiyohiyo. Silanti ilibaki, imejeruhiwa. Mikwaruzo ya mduara bado ipo, ukiwasha tochi utaiona imezunguka mwanga kama utando wa buibui. Sikumgombeza, alikuwa anafanya alivyofundishwa, ila tangu siku hiyo naosha mwenyewe, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa.

Watu wananiuliza mbona sipaki seramiki, ule mpako mgumu wa gharama, niachane na yote haya. Labda siku moja. Gari lenye rangi laini iliyokwisha kupunguzwa na mashine miaka hii yote, kulifungia chini ya kitu kigumu chenye gharama ile, na kunguru walewale wapo, bado sijashawishika.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Silanti gari zima mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Nta napaka boneti, paa na buti, basi, kila baada ya wiki tano au sita, nyembamba kama baba alivyokuwa anapaka kiwi. Milango na fenda havipati nta. Hakuna ndege anayetua mlangoni, na maji huko yanateremka yenyewe.

Leo ni Jumamosi, nimemaliza silanti kabla ya magharibi na gari limelala chini ya paa la bati uani. Mama Nuru ametoka kuanua nguo, akaliona kopo la nta limekaa juu ya ngazi halijafunguliwa.

"Hilo hupaki?"

"Kesho."

"Hata mlangoni kidogo, tunaenda Mbagala asubuhi kwa mama."

Nikamwambia mlangoni haihitajiki. Akalitazama gari, akaitazama mikono yangu. Kisha akaniuliza kama bado ninao ule mkebe wa kiwi, maana viatu vya Nuru vya Jumatatu havijaguswa.